Ng'ombe mwenye ukoo

Mtamba wa Friesian mwenye cheti akiuzwa, hasa kinachouzwa ni nini? Mimi naona ni maandishi: baba yake nani, mama yake alitoa lita ngapi.

Hapa Kenya daftari la ukoo wa mifugo, Kenya Stud Book, lilianzishwa mwaka 1920, enzi za walowezi. Mwaka 1925 wakaunda KCC, ushirika wao wa maziwa. Babu zetu, wafugaji tangu kale, walibaki nje. Mlango wa kufuga ng'ombe wa gredi walifunguliwa hasa na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Kituo cha mbegu za fahali kilikuwa kimeanza Kabete mwaka 1946. Kwa uhimilishaji, mwenye ng'ombe mmoja alipata ndama wa fahali ambaye asingeweza kumnunua.

Leo maziwa mengi ya Kenya hutoka kwa wafugaji wadogo. Lakini wengi hawaandiki chochote. Ndama mzuri anauzwa kwa macho, na broka ndiye anayetaja bei. Ndugu msomaji, ukienda nyumbani wapelekee wazee daftari. Walowezi walilijua hilo mapema.