Vumbi ya kometi na mfuko wa mbolea

Wandugu, nikiwa finalisti nilipeleka udongo ku labo ndani ya mfuko uliokuwa umebeba mbolea. Fosforasi ikatoka juu sana. Nilifurahi, kumbe nilikuwa nimepima mbolea, si shamba. Kama mwenye shamba angenisikiliza, angelima bila mbolea na kukosa mavuno.

Ndiyo maana napenda historia ya chombo Stardust cha NASA. Kiliruka tarehe 7/2/1999. Tarehe 2/1/2004 kikapita karibu na Wild 2, kometi, yaani nyota yenye mkia, kikanasa vumbi yake ndani ya erojeli, kitu chepesi sana kinachosimamisha punje zinazokuja mbio. Tarehe 15/1/2006 kapsuli yenye vumbi ikashuka ku jangwa la Utah, Marekani.

Mu labo wakaona glisini, moja ya asidi zinazojenga protini. Wengine tungepiga vigelegele siku hiyo hiyo. Wao waliuliza kwanza: hii imetoka ku kometi, ao ku nailoni ya mifuko yetu? Glisini yenyewe ilikuwa kidogo mno, kuipima ikachukua miaka. Mu 2009 wakatangaza jibu: ilikuwa na kaboni 13 nyingi kuliko glisini ya hapa duniani. Basi si ya kwetu, ni ya kometi.

Wadogo zangu munaoandika kazi ya mwisho, matokeo yanayokufurahisha ndiyo ya kuchunguza kwanza. Mimi nilirudi shambani na mfuko mupya.