Faida 6 za kuandika makala mtandaoni, na mitego 4 inayowaangusha waandishi wapya

Una simu, una bando, na kuna jambo unalijua vizuri kuliko watu wengi mtaani kwako. Hivyo vitatu vinatosha kuanza kuandika makala kwenye majukwaa ya mtandaoni. Swali ambalo vijana wengi huuliza ni moja: nitapata nini?

Jibu fupi ni kwamba utapata vitu vingi, na hela ni kimojawapo tu. Ila hela yenyewe huja taratibu kuliko unavyoambiwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Twende moja baada ya nyingine.

1. Unaanza bila mtaji mkubwa

Kufungua tovuti yako mwenyewe ni gharama. Unalipia jina la tovuti, unalipia mahali pa kuihifadhi, na ikiharibika usiku ni wewe na fundi wako.

Kwa Tanzania kuna na leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya maombi Sh 100,000, leseni Sh 1,000,000, na Sh 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kwa kijana anayeandika kama kazi ya pembeni, hiyo ni hela ndefu, na baadhi ya blogu zilisimama kipindi kile. Kanuni mpya zilitoka 2020 na zimefanyiwa marekebisho baadaye, kwa hiyo kabla hujafungua tovuti yako waulize TCRA viwango vya sasa.

Ukiandikia jukwaa ambalo tayari lina leseni, mzigo huo anaubeba mwenye jukwaa. Wewe unabaki na kazi ya kuandika.

2. Wasomaji wapo tayari

Tovuti mpya ni kama duka jipya lililofunguliwa uchochoroni. Unaweza kuwa na bidhaa nzuri, lakini nani anajua upo? Jukwaa lenye wasomaji wake ni kama meza ndani ya soko. Watu wanapita tayari, kazi yako ni kuwafanya wasimame.

Ndiyo maana makala ya kwanza ya mtu asiyejulikana inaweza kusomwa na watu wengi kwa siku moja. Mhariri akiiweka ukurasa wa mbele, au watu wakiisambaza WhatsApp, inafika mikoa ambayo hujawahi kukanyaga.

3. Unajua ulipokosea, na unajua haraka

Mwandishi wa gazeti la karatasi hajui nani aliishia aya ya pili. Mtandaoni unaona. Majukwaa mengi yanakuonyesha idadi ya waliofungua makala. Mengine, kama Medium, yanatofautisha aliyefungua na aliyesoma kweli.

Hizo namba zinafundisha kuliko sifa za marafiki. Wakifungua wengi na wakasoma wachache, kichwa cha habari kiliahidi kitu ambacho makala haikutoa. Wakifungua wachache lakini wakamaliza, makala ni nzuri, shida ni kichwa. Ukifuatilia hivyo kwa miezi mitatu, utajijua kama mwandishi.

4. Makala zako zinakuwa wasifu wako

Hapa ndipo faida kubwa ilipo, kwa maoni yangu. Mwajiri akikuuliza unaweza nini, unamtumia linki.

Mfano mzuri ni Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa kati ya watu wa mwanzo kabisa kublogu kwa Kiswahili, kupitia blogu yake ya Jikomboe. Baadaye alikuja kuwa mhariri wa Global Voices akisimamia habari za Afrika Kusini mwa Sahara. Alianza kwa kuandika mtandaoni kwa lugha yake, wakati ambao wengi walikuwa bado wanashangaa blogu ni kitu gani.

Mwingine ni Binyavanga Wainaina wa Kenya. Mwaka 2002 alishinda Tuzo ya Caine, moja ya tuzo kubwa za fasihi ya Afrika, kwa kazi iitwayo Discovering Home. Kazi hiyo ilikuwa imetoka kwenye jarida la mtandaoni, si kwenye kitabu. Mwaka uliofuata, 2003, jarida la Kwani? likaanza Nairobi, yeye akiwa mhariri mwanzilishi.

Si kila anayeandika atashinda tuzo. Lakini hakuna aliyewahi kugunduliwa kwa makala iliyobaki kwenye simu yake.

5. Kwa Kiswahili ushindani bado mdogo

Jaribu kitu hiki leo. Tafuta kwenye Google kwa Kiswahili jinsi ya kutunza vifaranga wa siku moja, au haki za mpangaji anayetaka kufukuzwa. Kisha tafuta jambo hilohilo kwa Kiingereza. Utaona tofauti ya wingi wa majibu.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na hadi leo kuna mada nyingi za kawaida ambazo hazina makala ya kutosha. Kwa mwandishi, hilo ni pengo na ni nafasi. Nesi, fundi simu, mkulima wa nyanya, dereva wa bodaboda: kila mmoja ana maelezo ambayo mtu fulani anayatafuta usiku huu na hayapati kwa lugha anayoielewa. Ukiyaandika vizuri, makala yako inaweza kuendelea kusomwa miaka baada ya habari za leo kusahaulika.

6. Hela ipo, ila jua inavyopita

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni kulipwa kwa kila makala, unakubaliana bei na mhariri. Ya pili ni mgao wa matangazo. Kwa mfano, Google AdSense inakubali tovuti za Kiswahili, lakini haitumi malipo mpaka salio lako lifike dola 100. Ya tatu ni wasomaji kulipia moja kwa moja, kama kwenye Substack, ambayo inachukua asilimia 10 ya unachokusanya, kabla ya makato ya kampuni inayopitisha malipo.

Kabla hujaweka nguvu zako kwenye jukwaa la nje, hakikisha linalipa nchi yako na kwa njia unayoweza kuitumia. Usije kugundua siku ya malipo. Kodi nayo usiisahau: Kenya, kwa mfano, tangu Julai 2023 malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5.

Sasa mitego

Mtego wa 1: Kuegemea jukwaa moja. Huu ulinipata mimi. Nikiwa chuo niliandikia jukwaa moja kwa miezi mingi, makala zangu zote nikaziandikia humohumo ndani. Siku moja nikaamka, mpango wa waandishi umesitishwa na akaunti haifunguki. Wiki chache baadaye nikaitwa kwenye usaili, wakaomba sampuli za kazi zangu. Nilikuwa nimehifadhi makala tatu tu, tena kwa sababu nilimtumia dada yangu azisome. Tangu siku hiyo kila makala naiandika kwanza kwenye faili langu, nahifadhi nakala kwenye barua pepe, na ikishatoka napiga picha ya ukurasa.

Mtego wa 2: Kunakili. Kubadilisha maneno mawili matatu ya mwenzako si kuandika. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inamlinda mwandishi tangu anapoandika, hata kama hajasajili popote. Inakulinda na wewe pia, kwa hiyo iheshimu.

Mtego wa 3: Kukimbilia kubofya. Kichwa cha habari cha uongo kitakuletea wasomaji siku moja na kukuharibia jina mwaka mzima. Na si jina tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa anayesambaza taarifa za uongo. Leseni ya jukwaa si kinga kwa maneno yako. Kama huna uhakika na jambo, piga simu uulize. Ukikosa jibu, liache.

Mtego wa 4: Kukubali masharti bila kusoma. Wengi tunabonyeza "nakubali" tukiwa kwenye daladala. Tafuta majibu ya maswali matatu: makala ikishatoka ni ya nani? Naweza kuichapisha kwingine? Nikiondoka, nalipwa salio langu? Ukikosa majibu hayo, muulize mhariri kwa maandishi ili ubaki na ushahidi.

Uanzie wapi?

Usianze na siasa wala umbea wa mastaa, huko kumejaa. Chagua jambo moja ambalo watu hukuuliza mara kwa mara. Liandike kwa maneno 400, kama unavyomweleza jirani. Soma kwa sauti, kata kila sentensi uliyojikwaa. Mpe mtu mmoja mkweli aisome, halafu ndiyo uitume kwa mhariri.

Ikikataliwa, uliza kwa nini, irekebishe, itume tena au ipeleke kwingine. Na kabla ya kubonyeza "tuma", hifadhi nakala yako.