Barua Tatu za Taveta

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Nilizaliwa mwaka 1949, nikasomea ualimu chuoni, nikafundisha shule za msingi mpaka nilipostaafu. Makazi yangu ni hapa Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kompyuta sikuisomea. Haya machache ninayoyajua nimeyapata kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa uvumilivu wa mjukuu wangu ambaye kazi yake ni mitandao. Lakini kuuliza si ujinga, na mwalimu asiyeuliza ameacha ualimu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilitaka kumpelekea dada yangu picha ya kitukuu wetu. Dada yangu ameolewa Taveta, ng'ambo ya mpaka, umbali ambao mtu mwenye miguu mizuri huumaliza kabla jua halijawa kali. Nikatuma picha kwa simu. Wenye simu hizi wanajua kwamba ujumbe ukitoka huwekwa vema moja, na ukifika kwa mwenyewe huwekwa vema mbili. Siku hiyo hata vema moja haikuonekana. Nikafikiri simu yangu imekufa. Jioni mjukuu wangu akanipigia simu ya kawaida kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo Babu. Simu yako ni nzima. Mikongo imekatika baharini huko kusini, karibu na Afrika Kusini. Data inatafuta njia nyingine."

"Marahaba. Natuma Taveta mimi, si Afrika Kusini."

Akacheka, akasema atanieleza akija likizo. Mimi sikucheka. Maneno yale, kwamba ujumbe unatafuta njia nyingine ya kwenda Taveta, yalinirudisha mwaka 1979.

Wakati dada yangu anaolewa, mwaka 1971, mpaka huu ulikuwa mstari wa ramani tu kwetu sisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na shirika moja la posta na simu, na stempu zilikuwa na majina ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Reli nayo ilipita. Ile ya Wajerumani kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga nyingine kutoka Voi, kupitia Taveta, ikaungana na ya Wajerumani pale Kahe. Kwa hiyo Moshi ilikuwa na njia mbili za kufika baharini, moja ya Tanga na moja ya Mombasa. Msomaji ashike neno hilo la njia mbili, maana nitalirudia.

Mwezi Februari 1977 mpaka ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ikavunjika. Taveta, ambako tulikuwa tukienda gulioni na kurudi, ikawa nchi ya mbali. Zilizobaki ni njia za panya, na anayezipita alipita kwa hatari yake.

Mwezi Agosti 1979 mama yetu aliugua. Niliandika barua ya kwanza: Mama anaumwa kidogo, usiwe na hofu. Nilimpa msafiri aliyesema angeingia Kenya kwa kuzunguka mbali. Mama alipozidiwa niliandika ya pili, nikamwambia dada afanye kila njia aje. Hiyo nilimkabidhi mchunga ng'ombe. Siku nne baadaye Mama alifariki dunia, nami nikaandika ya tatu, nikampa mama mmoja mfanyabiashara aliyezijua njia za porini.

Ya tatu ndiyo iliyotangulia kufika. Dada akalia, akakaa matanga peke yake kwa wakwe. Ya pili haikufika hadi leo. Wiki tatu baadaye akapokea ile ya kwanza: Mama anaumwa kidogo, usiwe na hofu. Mimi, mwalimu niliyekuwa nikiwakata watoto alama kwa kusahau tarehe, sikuwa nimeandika tarehe katika barua hata moja. Dada akaamini kwamba habari ya msiba ilikuwa ya makosa, na kwamba hii ndiyo habari mpya. Akavuka porini usiku, akapanda mpaka kihambani kwetu, mkononi ana kanga mpya aliyomnunulia Mama. Aliponiuliza Mama yuko wapi, nilimwonyesha kaburi kwenye migomba. Kanga ile aliitandika juu ya udongo.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu mjukuu wangu alipokuja likizo na kunieleza mitandao inavyofanya kazi, niligundua kwamba kosa langu lilikuwa linajulikana, na dawa yake ilikuwa imeshapatikana miaka mingi kabla sijalifanya.

Miaka ya 1960 watu wawili, kila mmoja kwa nafasi yake, walifikia wazo moja. Paul Baran wa Marekani alitafuta mawasiliano yatakayoendelea hata sehemu ya njia ikiharibiwa vitani. Donald Davies wa Uingereza alitaka kompyuta nyingi zitumie waya mmoja bila kungojana. Wote walisema: usipeleke ujumbe mzima kama gunia moja. Ukate vipande vidogo. Davies ndiye aliyeviita pakiti. Kila pakiti iandikwe inakotoka na inakokwenda, kisha iachwe ishike njia yake.

Tarehe 29 Oktoba 1969, nikiwa kijana wa miaka 20, kompyuta ya chuo kikuu huko Los Angeles ilijaribu kupeleka neno LOGIN kwa kompyuta nyingine ya California, katika mtandao ulioitwa ARPANET. Zilifika herufi mbili tu, L na O, na mtambo ukazimika. Mwanzo wa mambo makubwa mara nyingi ni kigugumizi.

Sasa, pakiti inaijuaje njia? Njia zinapokutana pamewekwa mashine iitwayo ruta. Nilidhani ruta ina ramani ya dunia nzima. Sivyo. Fikiri juu ya mgeni anayeuliza njia huku kwetu Rombo. Hakuna atakayemweleza safari yote. Ataambiwa: nenda mpaka kwenye ule mringaringa, ukifika uliza. Kwenye mringaringa ataambiwa: shuka mpaka mtoni, ukifika uliza. Ruta nayo hufanya hivyo. Husoma anwani, hutazama jedwali lake, huikabidhi pakiti kwa jirani anayefaa, basi. Majirani hao huambizana mara kwa mara: kwangu kunapitika kwenda mahali fulani, au, kwangu pamefungwa. Njia moja ikifa, majedwali hubadilika na pakiti zinazofuata hupita kwingine. Na ili pakiti isizunguke milele kama mlevi usiku, hupewa idadi ya hatua. Kila ruta hupunguza moja, na idadi ikiisha pakiti hutupwa.

Naam, hutupwa. Hapo ndipo niliposhangaa. Mtandao hauahidi kwamba pakiti itafika. Ruta ikilemewa na mizigo, huiacha nyingine ipotee. Pakiti za ujumbe mmoja zaweza kupita njia tofauti, ya mwisho ikatangulia na ya kwanza ikachelewa. Hizo ni barua zangu hasa. Je, uaminifu unatoka wapi?

Unatoka kwenye ncha mbili, kwa mtumaji na kwa mpokeaji. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha kanuni zake, zilizokuja kuitwa TCP na IP. Mtumaji huhesabu anachokipeleka, na kila pakiti hubeba namba ya mahali pake. Mpokeaji huzipanga kwa namba, si kwa zamu ya kufika. Kisha hurudisha jibu: nimepokea mpaka hapa. Mtumaji hutunza nakala mpaka apate jibu hilo, na lisipokuja kwa muda uliowekwa, hutuma tena. Yanayohitaji kufika papo hapo, kama sauti ya mazungumzo, mara nyingi hayangojewi hivyo, kwani neno lililochelewa halina faida. Lakini barua hungojewa.

Namba, jibu, nakala. Mwaka 1979 sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Lawama nilikuwa nimeitupa kwa mpaka, kwa wasafiri na kwa yule mchunga ng'ombe. Njia zilikuwa mbaya, sikatai. Lakini njia kuwa mbaya ni jambo la kutegemewa, na mwandishi mwenye busara huandika akijua hivyo.

ARPANET ilihamia kanuni hizo tarehe 1 Januari 1983. Mwezi Novemba mwaka huohuo mpaka wetu ukafunguliwa. Sisemi kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Nasema tu kwamba kwangu mimi mwaka 1983 una maana mbili.

Hata hivyo, namba na majibu havitoshi pasipokuwa na njia. Pwani yetu imejua mikongo ya baharini tangu mwaka 1879, waya wa simu za maandishi ulipounganisha Zanzibar na Aden. Lakini intaneti ilipokuja tulianza kwa kutegemea setilaiti, zinazokaa angani kama kilomita 36,000 juu yetu, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa. Tena hapakuwa na mahali pa kubadilishana mizigo nyumbani. Barua ya kompyuta kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi iliweza kwenda ng'ambo ya bahari ndipo irudi. Mwaka 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP. Mamlaka ya serikali ikakifunga baada ya muda mfupi, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam nayo ikapata kituo cha namna hiyo, na Arusha vilevile. Hata njia ya data, kumbe, hufungwa na kufunguliwa kwa amri ya watu, kama mpaka wa Holili.

Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Ni nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Mikongo ya nchi kavu ikasambaa mikoani, na mwezi Desemba 2022 intaneti ya kasi ikafikishwa hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Tukafikiri tumefika.

Lakini nini kilitokea ile Jumapili ya Mei 2024? Tangu mwezi Februari mwaka huo SEACOM ilikuwa imekatika upande wa kaskazini, katika Bahari ya Shamu. Siku ile ikakatika upande wa kusini, na EASSy ikakatika hukohuko. Njia mbili zikafa pamoja kwa sababu zililala sehemu moja ya bahari. Nchi kadhaa ziliguswa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Kampuni zilihamishia mizigo kwenye mikongo iliyobaki, ikajaa kama daladala ya jioni. Na picha yangu ya kwenda Taveta, ambayo ilibidi kwanza ifike kwenye seva ambazo hazipo Holili wala Taveta, ikakwama simuni mwangu.

Kwa hiyo nikamwelewa mjukuu wangu. Ujumbe hautafuti njia kwa miujiza. Hutafuta iwapo tu kuna watu waliotangulia kuweka njia ya pili, tena mahali pengine. Moshi ilikuwa nayo ya reli, na mwaka 1977 moja ikafungwa. Viongozi wanaojenga mikongo wangefaa kukumbuka hivyo, na wanaofunga mipaka zaidi.

Picha iliondoka siku mbili baadaye, usiku, nimelala. Asubuhi nilikuta vema mbili. Chini ya picha nilikuwa nimeandika jina la mtoto, siku aliyozaliwa na siku niliyoandika. Nimekuwa nikiandika tarehe katika kila kitu tangu mwaka 1979, hata pale ambapo simu yenyewe inaiandika.

Dada yangu alijibu: "Nimeipata. Mtoto ana macho ya Mama." Nikamjibu kwamba nimelipata jibu lake, ili naye asikae akingoja.