Ziwa na Mlima Hutegemeana



Fizi haina bahari. Mlango wetu ni Ziwa Tanganyika, tunalotumia pamoja na Burundi, Tanzania na Zambia. Lakini ziwa peke yake halitulishi. Baraka huvua ndagala usiku kwa taa, hulima muhogo na kukamua mawese. Juu, katika milima ya Itombwe, watu ni wachache, hufuga ng'ombe na kulima maharagi. Kwa hiyo Wabembe, Wabuyu, Wazoba na Wanyamulenge walikutana sokoni kabla ya maasi ya 1964 kuwatenganisha.

Vita vya 1996 vilikata tena njia ile. Wengi walivuka hadi Kigoma, wakakaa kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha Baraka, na wengine wakakuta mashamba yao yanalimwa na jirani.

Wewe uliyekimbia, dai shamba lako kwa mashahidi wa mipaka, mbele ya wazee, si kwa bunduki. Nawe kiongozi, anayefunga njia ya soko, hata akiwa kijana wa kwenu, mkatalie. Njia ikifungwa, njaa huingia mlimani na ziwani siku moja.