Dawa ya magugu hupaa vipi kutoka kwenye nyasi, na hupimwaje?

Nyasi zikishapigwa dawa ya kuua magugu na kukauka, wengi hudhani kazi imeisha. Kumbe sehemu ya dawa inaweza kugeuka mvuke, ikapaa na kuangukia nyanya au mizabibu ya jirani, hata siku moja au mbili baadaye. Mvuke huo hauonekani kwa macho, ndiyo maana unahitaji kupimwa.

Siyo dawa inayopeperushwa

Matone yanayochukuliwa na upepo wakati wa kupiga dawa ni jambo moja. Mvuke ni jambo lingine: hutoka kwenye majani na udongo baada ya kazi kumalizika, hata kama mpigaji alisubiri upepo utulie.

Dawa nazo hazilingani. 2,4-D, inayotumika sana kwenye bustani za nyasi, huuzwa kwa aina tofauti. Ile ya esta hupaa kwa urahisi kuliko ile ya chumvi ya amini. Glaifoseti karibu haipai kabisa.

Inavyopimwa

Njia mojawapo ni kupiga dawa kwenye eneo la nyasi lenye umbo la duara, kisha kusimamisha mlingoti katikati. Kwa nini duara? Upepo utoke upande wowote, utapita umbali uleule juu ya nyasi kabla ya kufika kwenye mlingoti.

Hapo hufungwa pampu inayovuta hewa kupitia sponji maalum, ambayo hunasa dawa. Sponji hubadilishwa kila baada ya saa kadhaa, usiku na mchana, na kupelekwa maabara.

Kasi ya upepo nayo lazima ipimwe. Upepo mkali husambaza dawa, hivyo kila lita ya hewa huwa na dawa kidogo, ingawa nyasi zinaweza kuwa zinatoa nyingi. Vipimo hivyo viwili vikiunganishwa, hupatikana kiasi cha dawa kinachotoka kwenye kila mita ya mraba. Kwa kawaida kiasi hicho hupanda mchana jua linapowaka na kushuka usiku.

Mimea pia hutumika kama kipimo. Trei zenye udongo uliopigwa dawa huwekwa katikati ya mistari ya soya, chini ya handaki fupi la plastiki. Trei huondolewa baadaye, na majani yakijikunja kama kikombe, mvuke umefika.

Kwa nini ni muhimu

Marekani iliona hasara yake mashambani. Mwaka 2016 iliruhusu dawa mpya za dikamba kupigwa juu ya soya na pamba zilizobadilishwa vinasaba ili ziistahimili. Mwaka 2017, soya isiyostahimili dawa hiyo ilikadiriwa kuathirika kwenye ekari milioni 3.6. Mahakama zilifuta vibali vya dawa hizo mwaka 2020, na tena 2024.

La kuzingatia

Usipige dawa kwenye joto kali. Chagua aina isiyopaa kwa urahisi na soma lebo. Jioni tulivu isiyo na upepo nayo isikudanganye: hewa baridi ikitulia chini, mvuke hubaki karibu na ardhi na unaweza kusogea taratibu hadi kwa jirani.