Kiambishi Kinachorudiwa: Sura Moja ya Historia ya Sarufi Zalishi

Walimu wenzetu hulifundisha jambo hili bila kulitilia shaka: katika nyakati ambatani, kiambishi cha nafsi au cha ngeli hutokea mara mbili. Twasema "nilikuwa nimesoma". Twasema "vikombe vilikuwa vimevunjika", kila kitenzi kikibeba vi- yake. Sisi wa Uganda, ambao wengi wetu tulikikuta Kiswahili darasani, jambo hilo halikutusumbua, kwani Kiganda nacho husema "abaana baali basoma", yaani watoto walikuwa wakisoma. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi kiambishi hicho kilivyokuja kuitatiza nadharia kubwa ya lugha.

Nadharia hiyo ilianza na Noam Chomsky wa Marekani, katika kitabu chake Syntactic Structures cha mwaka 1957. Alitaka kanuni chache ziwezazo kuzalisha sentensi zote sahihi za lugha, hata zile ambazo hazijapata kusemwa. Mwaka 1965 ukaja mgawanyo wa muundo wa ndani na muundo wa nje. Mwaka 1981, kanuni za jumla za lugha zote pamoja na vigezo vinavyozitofautisha. Na mwaka 1995, mpango wa kuipunguza nadharia yenyewe ibaki na yale tu yasiyoepukika. Mifano ya awali ilitoka mno katika Kiingereza. Hata hivyo lugha zetu hazikusahauliwa kabisa. Alexandre Kimenyi alitoa sarufi ya Kinyarwanda mwaka 1980, ingawa kwa mkabala wa sarufi mahusiano, na Anthony Vitale akachapisha kitabu juu ya sintaksia ya Kiswahili mwaka 1981.

Tuje kwenye kiini. Kiingereza hutenga "he" na "him": umbo la kwanza ni la mtenda, la pili ni la mtendwa. Tofauti hiyo huitwa uhusika, na nadharia ilidai kwamba kila nomino katika kila lugha lazima iupate, usikike usisikike. Katika maandishi yake ya mwaka 2000 na 2001, Chomsky alipendekeza kwamba nomino hupatana na kitenzi kwa kuwa bado inauhitaji uhusika. Ikishaupata, haipatanishwi tena. Ni kama abiria aliyekwisha kukatiwa tiketi: kondakta wa pili hana haja naye.

Basi "vikombe" vyetu vilikatiwaje tiketi mara mbili? Lugha kama Kifaransa zilikuwa na jibu: kitenzi cha pili huonyesha jinsia na idadi tu, bila nafsi, hivyo upatanisho wake haukamiliki wala hautoi uhusika. Mwaka 2001 Vicki Carstens alionyesha kwamba jibu hilo halifai kwa Kiswahili. Katika "ulikuwa umesoma", nafsi imo kamili katika vitenzi vyote viwili. Mwaka 2011 akaongeza kuwa siri imo katika ngeli: nomino ya Kibantu hubeba ngeli yake ndani, na hiyo ndiyo huiacha tayari kupatanishwa tena na tena. Kwa maoni yetu hilo ndilo wazo zuri kuliko yote katika mjadala huu, maana linaieleza ngeli kama nguvu ya sentensi nzima, si orodha ya kukariri.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 Michael Diercks, aliyechunguza Kibukusu cha Kenya, alidai kwamba lugha nyingi za Kibantu hazina uhusika huo kabisa. Claire Halpert naye, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya Kizulu, alitetea kwamba upo, ila kwa sura yake. Tofauti hiyo si ndogo: wa kwanza akishinda, kanuni iliyodhaniwa kuwa ya wanadamu wote itakuwa ya baadhi yao tu.

Sehemu ya ushahidi ni sentensi za namna ya "watoto wanaonekana wamelala", ambamo "watoto" wamepatana na vitenzi viwili vyenye nafsi na wakati, jambo ambalo Kiingereza hakiruhusu. Je, "watoto wanaonekana kwamba wamelala" nayo yakubalika? Tuliijadili sisi kwa sisi chumbani mwa walimu, tukagawanyika; na waliozaliwa na Kiswahili ndio waliobishana zaidi.