Vyombo vya Nani?

Mpiga gitaa wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 alikuwa mfanyakazi mwenye chombo cha mwajiri, sawasawa na dereva wa basi la shirika. Tuanzie hapo, kabla hatujaongelea pedali na nyaya. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz, mwaka 1971, ikawa ya Umoja wa Vijana wa TANU. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 mikononi mwa shirika la usafiri na teksi, TTTS, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Ukiajiriwa, unakabidhiwa gitaa. Ukiacha kazi, gitaa linabaki.

Na watu walihama, bwana! Muhiddin Maalim Gurumo alitoka Juwata (ndiyo hiyo hiyo NUTA, jina jipya) akaenda Mlimani Park mwaka 1978. Mwaka 1985 akahamia Safari Sound, bendi ya mtu binafsi, Hugo Kisima, yeye na wenzake kadhaa. Mwimbaji anahama na sauti yake kooni. Mpiga gitaa je? Anahama na vidole tu. Sisi tunaisimulia historia hii kama ubishi wa Sikinde na Msondo, nani mkali, na utamu wake upo. Lakini suala la mali tunaliruka.

Sasa angalia kilichokuwa kinatokea nje. Maestro ilitoa kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa mwaka 1962. Wah-wah ikaingia sokoni mwaka 1967. Boss wa Japani wakaanza kutoa vile vipedali vidogo vya rangi mwaka 1977. Mwaka uliofuata sisi tuko vitani na Idi Amin, na vita ilipokwisha mwaka 1979 fedha za kigeni hazionekani. Sabuni yenyewe kwa foleni, nani angemwagizia mpiga solo pedali?

Mimi naona uhaba huo uliacha alama kwenye muziki wenyewe. Bendi ilikuwa na gitaa la solo, la solo ya pili, la rithim, halafu besi. Wa kwanza anapiga kipande juu, wa pili anamjibu, wa tatu anashikilia hapo hapo bila kuchoka. Kazi ambayo leo tunaipa pedali ya mwangwi, yaani kurudia na kujibu, ilifanywa na binadamu aliyekaa pembeni yako. Sikiliza rekodi za Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja studioni: magitaa ni safi, kila uzi unasikika. Ukiweka makorokoro kumi hapo unaharibu.

Ndiyo maana nikiwaona vijana wenzangu wa Temeke wanashuka kwenye bajaji na ubao wa pedali tisa na nyaya kama tambi, huwa najiuliza ni kwa muziki gani. Siku hizi vyombo vikubwa vya ukumbini mara nyingi ni vya kukodi, na kati ya bendi moja na nyingine unapewa dakika chache tu. Ubao mdogo ndio pekee ulio wako.

Nenda Keko kwa mafundi fenicha, omba kipande cha mbao kilichobaki, urefu wa nusu mita kinatosha. Pedali tatu: ya kutyunia, ya kukwaruza kidogo, ya mwangwi, kwa mpangilio huo kutoka kwenye gitaa. Zibandike kwa ule utepe unaokwaruza wa viatu vya watoto. Kati ya pedali na pedali weka waya mfupi wa sentimeta 15. Waya mrefu unakula sauti ya juu, gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi. Umeme utoke kwenye adapta moja ya volti 9 yenye mnyororo, ila soma kwanza chini ya pedali: nyingi zinataka hasi katikati, na jumla ya miliampea zisizidi za adapta. Waya wa umeme upite nyuma, za sauti mbele. Zikilazimika kukutana, zikatishe kama msalaba, usizilaze pamoja zikaanza kuunguruma. Ukisikia mluzi, mara nyingi ni pedali ya dijitali inagombana na mwenzake kwenye mnyororo. Ile ya kukwaruza itoe, ipe betri yake. Inakunywa kidogo sana, na jeki ukiichomoa baada ya kupiga betri itadumu.

Ukifika jukwaani unachomeka vitu vitatu: gitaa, amplifaya, umeme. Mwenzako bado anafumbua mafundo.

Upande wa chini wa ubao andika jina lako kwa maka peni. Kwenye ukumbi wenye bendi nne, mbao zote nyeusi zinafanana.